Komwe ya Kwanza ya Bi Lamya

Shangazi yangu Bi Lamya akipanda ngazi na ndoo ya maji, mtu aliye chini anajua amefika wapi. Mwanzo zinasikika kandambili. Akifika kwenye kona, pale palipokatika ngazi pakatiwa ubao, kandambili zinanyamaza. Ameitua ndoo, anavuta pumzi. Halafu zinaanza tena. Mwisho ni sauti ya maji yakimiminwa ndani ya pipa, na baada ya hapo hakusikiki kitu, kwa sababu amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Nyumba ilikuwa Kiponda, ya mawe, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na sisi tulikuwa juu kabisa. Alizaliwa humo. Baba yake alikuwa na mikarafuu Kidichi, na yalipokuja Mapinduzi mikarafuu ikapata wenyewe wengine, naye akaenda Maskati na huko akafia. Nyumba ikawa ya serikali. Mkewe, Bi Kulthum, ambaye ndiye bibi yangu, akaachiwa vyumba viwili vya juu kwa kodi, akawalelea humo watoto wake Lamya na Talal. Talal ni baba yangu. Anafanya kazi ya jikoni hotelini Kendwa, na mimi nilikaa kwa shangazi tangu mama yangu alipoachana na baba akaolewa Pemba.

Bi Lamya naye aliolewa, na mtu anaitwa Badar. Mwaka wa themanini na sita Badar akaenda Dubai kutafuta. Talaka ililetwa na msafiri, pamoja na vitambaa viwili vya nguo na kichupa cha mafuta mazuri. Vitambaa alivishona akavivaa. Mafuta akampa jirani wa chini. Tangu hapo akawa anashona kofia za mkono, kwa vile vijitundu vyake vidogo vidogo, macho karibu na sindano, na hakumtaja tena Badar kwa ubaya wala kwa wema.

Kilichomchosha si kofia. Ni maji. Bibi alipata kiharusi, upande mmoja ukamlala, akawa wa kitandani. Na Bibi ni mtu wa twahara. Hasali ila awe safi, na kila akijichafua lazima aoshwe, abadilishwe shuka, shuka ifuliwe. Mfereji wenyewe uko chini, karibu na mlango wa ua, na maji yanatoka kabla ya alfajiri, kidogo, kama uzi. Kupanda juu hayapandi. Wenye pampu wanayavuta wenzao wakiwa usingizini, na asubuhi kila mtu anamuuliza mwenzake kwani jana yalitoka.

Baba yangu kila akija kutoka Kendwa alikuwa na neno moja. Ana chumba Kwahani, kule Ng'ambo, nje ya mji huu wa mawe, cha chini, mfereji umo uani. Tuhame. Bi Lamya anamwambia ngoja. Anamwambia ngoja kwa sababu Bibi kitanda chake kiko dirishani, na dirisha hilo ndilo dunia yake iliyobaki. Anamjua muuza kahawa kwa mlio wa vikombe vyake, anamjua mtoto wa nani analia, anajua nani kachelewa sala. Bibi mwenyewe aliwahi kusema, pole pole kwa mdomo ule uliopinda, kwamba akitolewa pale hatakuwa anapajua alipo. Bi Lamya akamwahidi hatamtoa. Basi akapanda na kushuka.

Mwaka wa tisini na nane, zile mvua kubwa zilipokatika, na nyumba ya kichochoro cha nyuma imeshadondosha jiko lake zima, akaja kijana anaitwa Muhiddin. Mtoto wa Ng'ambo, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi lakini viatu vina tope kama vya watu wote. Alitumwa na mradi wa kupima mji. Akaeleza kwamba wakubwa zake wanataka kujua kama mji huu wajukuu zetu wataweza kuukaa, na wamechoka na vipimo vya miji ya watu. Kila mtaa utafute vyake. Yeye akiviita viashiria. Sisi tukasema dalili, akakubali. Dalili zihesabiwe mwaka huu, zihesabiwe tena mwaka ujao, ionekane tunakwenda mbele au tunarudi nyuma. Na akasema na jambo jingine, ambalo Bi Lamya alilishika: mradi una tangi moja na pampu yake, ya kupandisha maji mpaka ghorofa za juu, nao utaanza na mtaa ambao hesabu itaonyesha umezidiwa.

Wanaume walikutana barazani. Dalili zao zilikuwa za wanaume: nyumba ngapi zimeegemezwa boriti kwa nje zisianguke, watu wangapi wanakaa barazani baada ya alasiri. Mzee Ahmada akataja kunguru. Akasema ukitaka kujua taka zimelala siku ngapi usiwaulize watu wa baraza la mji, tazama juu. Muhiddin akafurahi sana na kunguru.

Wanawake walikutana katika ua wa nyumba yetu, chini, kwa Bi Kazija. Huyu Bi Kazija ndiye aliyepewa yale mafuta ya Badar. Anauza urojo jioni, na mdomo wake hauna likizo. Muhiddin alipouliza dalili ya mji mzuri ni ipi, yeye akajibu wa kwanza kwamba ahesabu waume wangapi wanalala majumbani mwao. Wanawake wakacheka mpaka kijana akainamisha kichwa. Alipoinua akauliza habari ya maji, yanatoka saa ngapi kwa siku. Hapo kicheko kikageuka cha namna nyingine. Mwenye pampu atasema hayatoki, asiye na pampu ataona haya kusema, na jibu litakuwa si jibu.

Bi Lamya si msemaji wa mikutanoni. Siku ile alisema.

"Ukitaka kujua nyumba ina maji, usiulize ya chai. Uliza, nyumba hii ikifikwa na msiba saa hii, maji ya kumwosha maiti yamo, au mpaka watu watoke na ndoo?"

Hapana mwanamke wa Kiponda ambaye hajasimama kwenye josho la mtu wake. Muhiddin akasema hiyo ndiyo. Hakuna mtu wa mradi angeweza kuifikiria hiyo, akasema, na akaweka mkono kifuani kwa heshima. Nilimwona shangazi akitazama chini, lakini uso ulikuwa umelainika. Jioni alimwambia Bibi kuwa huenda maji yakapanda. Bibi akauliza mpaka huku. Akajibiwa mpaka huku.

Ilipofika siku ya kuhesabu, Muhiddin alileta vikapu viwili vya ukili. Kwa kuwa wengine hawasomi, alitaka kitu cha kushika mkononi, na Bi Kazija akatoa komwe za bao la marehemu mumewe, zile mbegu za kijivu, akagawa moja kwa kila nyumba. Kikapu cha kulia, maji yamo. Cha kushoto, hayamo. Muhiddin alitaka vikapu viwekwe ndani ya stoo, kila mtu aingie peke yake atie yake atoke. Bi Kazija akakataa.

"Mwanangu, sisi wezi? Tuingie stoo mmoja mmoja, tunaiba nini? Weka hapa uwanjani tuonane."

Wengine wakaitikia, tuonane. Muhiddin akasita kidogo, akaviweka pale, katikati ya ua. Halafu watu wakatazamana nani aanze, na wakasema mwenye swali aanze.

Shangazi akasimama. Asubuhi ile pipa letu lilikuwa kavu, nalijua kwa sababu nililiinamisha mwenyewe. Alikuwa amevaa kanga yake ya kutokea, na komwe ameifumba mkononi. Juu ya vichwa vyetu dirisha la Bibi la upande wa ua lilikuwa wazi, kwa joto. Wanawake wote wamekaa mikekani, wengine wamepakata watoto, wote wanatazama mkono wake. Akakiendea kikapu cha kushoto. Akafika. Akasimama pale kama mtu aliyesahau alilolifuata, akainua macho dirishani, akayashusha. Kisha akapiga hatua moja pembeni na kuitia komwe katika kikapu cha kulia.

Baada yake akaja mwanamke ambaye mtaa mzima unajua ananunua maji ya mkokoteni. Kulia. Akaja mwingine ambaye paa lake lilikuwa linavuja na mfereji wake umekatwa. Kulia. Aliyesimama mbele yao ni binti wa Bi Kulthum, anayeishi juu kabisa, mwenye mgonjwa ndani; yeye kama anayo, nani aseme hana? Zikaingia zote, tak, tak, moja juu ya moja. Kikapu cha kushoto kilibaki kitupu mpaka paka wa Bi Kazija akaingia ndani yake akajikunja akalala, na watu wakacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, kwa kuwa walikuwa wamengoja kitu cha kuchekea.

Tulipopanda, Bibi alikuwa macho. Akauliza komwe yetu imetiwa wapi.

"Penye maji, mama."

"Vyema," Bibi akasema, akafumba macho. Shangazi akachukua ndoo akashuka.

Siku si nyingi matokeo yakasomwa. Mitaa mingine wanawake waliingia stoo mmoja mmoja. Mtaa wetu ndio uliotoka hauna upungufu wa maji hata nyumba moja, na Muhiddin alipolisoma hilo alilisoma haraka, hakututazama. Tangi likapelekwa mtaa mwingine, upande wa sokoni.

Bi Lamya akakaa nalo. Akashona kofia akashonoa, kitu ambacho hakifanyi. Halafu siku moja akavaa buibui akaniambia twende, tukamfuata Muhiddin chumba chake cha kazi. Palikuwa na joto na feni haizunguki. Akatupa viti yeye akabaki amesimama.

"Kwangu hayamo," shangazi akasema.

Muhiddin akaiweka kalamu. "Bi Lamya, ya kwanza ilikuwa yako."

"Nnajua."

"Sasa kwa nini?"

"Mama yangu yu hai, mwanangu. Nisimame mbele za watu niseme akifa sina cha kumwoshea? Naye yuko juu anasikia?"

"Na swali pia lilikuwa lako."

"Lilikuwa la nyumba za watu. Lilipofika kwangu likawa la mama."

Kijana akakaa, sasa. Akajipangusa uso. Hakumgombeza. Akasema kule kwenye tangi misingi ishachimbwa, na kule nako watoto wanaharisha, hawezi kuwapokonya. Lakini huenda likaja tangi la pili. Wanawake wa mtaa wakija kwake wakasema upya, hata wachache, yeye atalipeleka kwa wakubwa. Kwa neno la Bi Lamya peke yake hawezi, nyumba moja si mtaa. Alisema haya kwa sauti ya mtu ambaye ameshawahi kupeleka mengi kwa wakubwa.

Basi shangazi akazunguka. Baada ya alasiri, mlango kwa mlango. Kote alikaribishwa, kote alipewa chai, akainywa akijua maji yake yametoka wapi. Akisema aliyokuja kuyasema, wanasikiliza, wanasema inshallah, wanamuuliza hali ya mgonjwa. Hapana aliyekataa. Hapana aliyekwenda.

Bi Kazija peke yake ndiye aliyemwambia la moyoni. Alikuwa uani anasaga dengu za bajia, mikono imejaa.

"Unataka niende nikaseme Bi Kulthum akiondoka leo atakosa maji? Na mimi nipo hapa chini, mfereji mlangoni kwangu? Sisemi hilo, Lamya. Na siku ile hatukusema uongo. Angefariki usiku ule tungeijaza ngazi nzima ndoo."

"Nnajua," shangazi akasema. "Angefariki yangepanda. Hajafariki."

Bi Kazija akabaki na mikono ndani ya dengu. Shangazi wala hakusema kwa kumsuta. Alisema kama mtu anayetaja saa. Akachukua ndoo yake, akaikinga mferejini, mfereji ukakoroma, akaiacha pale akapanda bila kitu.

Asubuhi yake tuliamka tukakuta ndoo mbili zimejaa mlangoni petu, zimefunikwa sinia. Ni watoto wa Bi Kazija waliozipandisha. Na siku ya pili yake tena. Shangazi alikaa kitandani kwa Bibi akamchana nywele, jambo ambalo kwa muda mrefu alilifanya mbio mbio. Nikadhani sasa tumepumua. Lakini watoto wana shule, na mkubwa akapata kazi ya kubeba mizigo bandarini, ndoo mbili zikawa moja, moja ikawa ya Ijumaa, na ilipoingia Ramadhani, Bi Kazija ana futari ya kuuza, zikakatika. Walipokutana ngazini waliulizana hali kama kawaida, na shangazi akapita na ndoo yake.

Alianguka penye ule ubao. Nilikuwa juu, nikasikia kandambili, nikasikia kimya, kisha ndoo ikishuka peke yake mpaka chini na maji yakiifuata. Nilipofika amekaa ngazini amerowa, anautazama mkono wake wa kulia kama si wake. Haukuvunjika. Bega liliteguka, mganga wa viungo akalirudisha, lakini mkono ukawa hauinuki kupita kifua. Kofia anaweza, kwa shida. Ndoo hawezi. Nilipanda mimi, na mimi si mtu wa ndoo tatu mfululizo, na Bibi akaanza kupatwa na vidonda vya mgongoni kwa kukaa na shuka mbichi.

Baba akaja kutoka Kendwa. Safari hii hakurudia neno lake. Aliingia, akamsalimu mama yake, akainua kifuniko cha pipa akatazama ndani, akakirudisha.

"Dada yangu," akasema, "basi."

Shangazi akasema, "Basi."

Aliyemwambia Bibi ni yeye mwenyewe, hakukubali Talal amwambie. Alimwambia wanahama kwa sababu ya maji, na kwamba ahadi ameshindwa kuitimiza. Bibi akauliza kama huko kuna dirisha. Kuna, lakini linatazama ukuta wa jirani.

Wakamshusha siku ya Jumapili baada ya adhuhuri, kwenye kiti cha mikono kilichofungwa kwa kanga, amejifunika buibui lake jeusi la zamani. Walimbeba wanaume wa barazani, Mzee Ahmada anatangulia kinyumenyume akisema taratibu, hapa ubao, taratibu. Kila ghorofa wanawake walisimama milangoni. Bibi alikuwa hajaziona sura zao kwa miaka, anazijua sauti tu, akawa anaomba kila mmoja aseme neno ili amjue. Wakasema. Wengine walishindwa. Bi Kazija alimbusu mkono akampa Bi Lamya bakuli la urojo amelifunika kwa sahani, nasi tukaenda nalo ndani ya gari la mizigo, likimwagika kidogo kidogo magotini kwa shangazi.

Kwahani mfereji uko hatua chache na mlango. Usiku wa kwanza shangazi aliufungua akautazama unavyotoka, akaufunga. Akajaza kila kilichojazika. Akamwosha mama yake toka kichwani mpaka miguuni, mkono mmoja, mimi nikimpokea, na Bibi akamwambia asiyatapanye, maji ya watu. Bibi akawa safi tangu hapo, na vidonda vikafunga. Lakini asubuhi akawa anauliza kama kumekucha, kwa kuwa ule ukuta wa jirani hauonyeshi. Akisikia mtu anapita anauliza ni nani. Tunasema hatujui, Bibi, ni mpita njia. Baada ya muda akaacha kuuliza.

Mwaka uliofuata Bi Kazija alikuja kututazama. Alileta bajia na habari. Muhiddin alirudi kuhesabu, kama alivyosema. Kunguru wamezidi. Nyumba za kuegemezwa boriti zimezidi. Na safari hii wanawake waliingia stoo mmoja mmoja, mwenyewe Bi Kazija aliwapigia kelele mpaka wakakubali, na yeye komwe yake aliitia kushoto. Wakatoka wengi wa kushoto. Tangi la pili limeandikiwa Kiponda, likipatikana. Halijapatikana bado.

"Na vyumba vyenu vimefungwa," akasema. "Muhiddin kauliza, nani yuko juu. Nikamwambia hapana mtu. Kanambia basi haihesabiwi, nyumba iliyofungwa haina maji wala haina shida."

Shangazi akasema ndivyo.

Bibi akageuza kichwa juu ya mto. Alikuwa amemjua Bi Kazija kwa sauti tangu mlangoni, na alikuwa anangoja zamu yake.

"Kazija, mtaa hawajambo?"

Bi Kazija akamtazama shangazi kwanza. Shangazi alikuwa anautazama mkono wake, analikanda bega pole pole, kama anavyofanya kila alasiri.

"Hawajambo wote, Bi Kulthum," akasema. "Wanakusalimu."

Shangazi akanyanyuka kuweka chai.